Dirisha Lililogonga Jabali

Jumamosi. Mawingu tangu asubuhi, ziwa limekuwa la kijivu, na mimi nina furaha inayoniuma kidogo. Sijui kama kuna neno la hali hiyo. Kama lipo, sijalipata.

Leo madirisha yameingia.

Nyumba yangu ya huku Buhongwa, ambayo kwa miaka imekuwa kuta zenye matundu na mbuzi wa majirani ndani yake, leo imeanza kufanana na nyumba ya mtu. Ni madirisha ya aluminiamu, vioo vya kusukuma, wavu wa mbu kwa ndani. Mafundi wamefanya kazi bila makelele na wamefagia hata vumbi lao, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu nianze kujenga. Nimesukuma kioo cha sebuleni kwa kidole kimoja, kikaenda chenyewe. Nikakirudisha, nikasukuma tena. Nimechezea kile kioo mpaka fundi akaniangalia kwa jicho la huyu mama vipi.

Walipoondoka nikakaa juu ya mfuko wa saruji, nikajikuta namkumbuka Bibi. Najua kwa nini, nisijifanye. Mara ya mwisho kushuhudia nyumba ya kwetu ikiwekewa madirisha nilikuwa msichana wa darasa la nne, tunaishi Mkolani, na madirisha yale Baba aliyaweka kwa ajili yake.

Ngoja niandike kabla sijaanza kupiga picha na kuwatumia watu.

Ile miaka ya tisini vitu vilirudi madukani. Wazazi wetu walikuwa wametoka kwenye miaka ya foleni na vibali, wakati mfuko mmoja wa saruji ulipatikana kwa kumjua mtu anayemjua mtu. Mara mambo yakawa ruksa. Unaingia dukani, unanyoosha kidole, unapewa. Sangara naye alikuwa ameleta viwanda vya minofu kando ya ziwa, watu wakapata kazi, na waliopata kazi wakaanza kujenga. Kila kilima cha Mwanza kiliota kuta.

Baba alikuwa mmoja wao. Alifanya kazi kwenye vyumba vya barafu vya kiwanda kimoja cha samaki, akawa anarudi nyumbani jioni ya joto kali amevaa sweta. Tulimcheka sana kwa hilo. Siku za mapumziko alikuwa anajenga, na kichwa chake chote kilikuwa kwenye madirisha ya chuma yenye vioo. Dirisha la mbao aliliita la watu ambao bado. Ukimuuliza bado nini, anakuambia wewe elewa tu.

Sasa Bibi.

Bibi, mama yake Baba, aliishi ng'ambo, upande wa Sengerema, ukishuka kwenye kivuko cha Kamanga unatembea mpaka miguu ikulaumu. Nyumba yake ilikuwa msonge wa nyasi, mlango mfupi wa kuinamia, na hapakuwa na dirisha hata la kupitisha paka. Alipikia humo humo, kuni juu ya mafiga, maisha yake yote. Moshi ulizunguka ndani mpaka uchoke, ndipo ujipenyeze kwenye nyasi utoke. Kwa hiyo macho yake yalikuwa mekundu. Yeyote aliyepikia kuni kwenye nyumba isiyo na dirisha anajua macho yale yanatoka wapi.

Lakini miaka ile, huku kwetu, bibi kizee mwenye macho mekundu hakuulizwa anapikia nini; aliitwa mchawi.

Mtoto wa jirani yake aliugua homa akafa. Baada ya msiba watu wakaacha kumsalimia Bibi. Asiye Msukuma anaweza kuona hilo ni jambo dogo. Sisi ni watu wa kusimama njiani na kuulizana habari za nyumbani, za mashamba, za ng'ombe mmoja mmoja, mpaka safari yenyewe inasahaulika. Wakawa wanampita kimya. Baba mdogo, ambaye nyumba yake ilikuwa karibu na ya Bibi, akamtumia Baba ujumbe mfupi: njoo umchukue mama. Baba akavuka asubuhi, akarudi jioni ile ile, Bibi yuko nyuma yake na furushi la kanga na kuku mmoja aliyefungwa miguu.

Bibi alikaa kwenye kigoda, akapokea shikamoo zetu zote, kisha akatangaza.

"Nimekuja kutembea. Mvua zikianza, narudi kulima."

Niliona hakuna shida. Mgeni huja na mgeni huondoka. Mama akanivuta jikoni na hakunizungusha. "Bibi yako akirudi kule watamuua. Kwa hiyo umheshimu, umfurahishe, usimchoshe na maswali yako." Nilikuwa mtoto wa maswali. Niliacha kwa siku kadhaa.

Hilo ndilo lililokuwa nasi nyumbani tangu siku ile, hata tulipokuwa tunakula dagaa na kucheka. Mvua zilikuwa hazijaanza. Kila wingu liliponenepa upande wa ziwa, Baba alilitazama kama mtu anayemdai.

Nyumba yetu ya Mkolani tulikuwa tumeihamia kabla haijaisha, kama wafanyavyo watu wote wenye akili waliochoka kupanga. Ilikuwa na bati na milango. Matundu ya madirisha tuliyaziba kwa mabati chakavu na viroba. Bibi akapewa chumba cha nyuma, na mimi nikapewa kulala naye.

Chumba kile kina habari yake. Kiwanja chetu kilikuwa na jabali. Nikisema jabali watu wa Mwanza wananielewa, siyo jiwe la kukalia, ni jabali refu kuliko nyumba. Huku kwetu hujengi unapotaka, unajenga mahali ambapo mawe yamekuachia. Mwashi alisukuma chumba cha nyuma mpaka kikakaribia kugusana pua na jabali, halafu, kwa kuwa kila chumba kina dirisha, akaacha tundu la dirisha upande ule ule. Baba alilikagua akasema safi. Wote tuliona safi. Tundu ni tundu.

Bibi hakulipenda. Lile na mengine yote. Kila jioni alichukua kitenge chake kikuukuu akakisokomeza kwenye upenyo wowote aliouona kati ya bati na ukuta. Kila asubuhi Mama alikitoa ili mwanga uingie. Hawakugombana hata siku moja. Mmoja anaziba, mwingine anazibua, na salamu nzuri kabisa katikati.

"Mayu, humu giza," Mama alimwambia siku moja, maana mayu ni mama kwa Kisukuma.

"Giza halijanifanya kitu," Bibi akajibu.

Tulidhani ni ushamba. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo tulivyodhani, tena kwa upendo.

Baba yeye alikuwa na hesabu zake. Aliamini dawa ni madirisha. Hewa itaingia, kifua kitafunguka, macho yatapona, mama ataona jinsi mtu anavyoweza kuishi, na mvua zikinyesha atakuwa ameshasahau jembe lake. Alimweleza kila mtu aliyekaa karibu naye kwa zaidi ya dakika mbili. Akachukua vipimo mwenyewe, akavipeleka Mabatini kwa fundi wa kuchomelea aliyeitwa Lameki. Lameki alikuwa hajawahi kufika kwetu. Akatengeneza kwa mtindo wa wakati ule: fremu ya chuma, nondo upande wa ndani kuzuia wezi, na vioo vinavyofunguka kwa nje.

Vinavyofunguka kwa nje. Watu wazima wangapi walilisikia hilo, na hakuna aliyefikiri.

Siku pikapu ilipoleta madirisha, nusu ya mtaa ilikuja kutazama kama vile tunaoza binti. Mama alichemsha chai ya maziwa na viazi. Lameki akasimamisha fremu, akapima kwa timazi, akakandika saruji pembeni. Kile chumba cha nyuma alikifanyia kazi kutokea ndani kwa sababu nje hapakuwa na pa kusimama, na hilo nalo halikumshtua mtu. Vioo vyote vilikuwa vimefungwa kwa waya ili visicheze saruji ikiwa mbichi. Baba akatukataza kuvigusa. Alisema vitafunguliwa Jumapili baada ya ibada, na atavifungua yeye.

Nakumbuka ile Jumapili vizuri kuliko harusi yangu. Baba alivaa koti. Lameki alialikwa, akaja na kofia mpya. Tukaanzia sebuleni. Baba anakata waya kwa koleo, anasukuma, dirisha linafunguka, upepo unaingia, majirani wanasema hongera. Chumba chake na Mama, hongera. Chumba cha kaka zangu, hongera. Tukaingia cha Bibi. Bibi mwenyewe alikuwa amekaa kitandani, mikono mapajani, anatutazama kama watu waliokuja kupekua.

Baba akakata waya. Akasukuma.

Ngo.

Kioo kilikuwa kimefunguka kiasi cha kupitisha sahani, kikagota. Baba akavuta, akasukuma tena kwa heshima zaidi. Ngo.

"Lameki, hiki nini?"

Lameki akachungulia kati ya nondo. Akavua ile kofia mpya.

"Ni jiwe, mzee."

Mama alijitahidi. Namuona mpaka leo, amejiziba mdomo kwa kanga, mabega yanacheza. Halafu kaka yangu mkubwa akaangua kicheko na nyumba nzima ikalipuka. Hata majirani. Baba hakucheka. Alitoka nje, akapima kwa macho nafasi kati ya ukuta na jabali, nafasi ambayo kuku akipita anapita kiubavu, akarudi na uso wa mtu aliyekwisha amua.

"Tunalichoma."

Ndivyo mawe yanavyovunjwa huku kwetu. Unalipikia moto wa magogo na matairi makuukuu mpaka lipasuke, kisha wapasua mawe wanalimaliza kwa nyundo, na kokoto wanauza. Ni kazi ya moshi mweusi na majirani kukasirika. Baba hakujali. Kufikia siku ya pili alikuwa amerundika matairi kando ya nyumba na amewaita wapasua mawe. Mawingu ya ziwani yalikuwa yameshakuwa mazito na hakuwa na muda wa kubembeleza jabali.

Bibi akatoka chumbani, akayatazama yale matairi.

"Mnachoma nini?"

"Jabali, mayu. Dilisha lako lifunguke lote, uone nje."

Ndiyo, alisema dilisha. Baba alikuwa na Kiswahili kizuri cha kazini, ila akizungumza na mama yake r zote zilirudi Sengerema.

Bibi aligeuka akaingia ndani, tukamfuata kwa sababu tulikuwa familia ya kufuatana. Akasukuma kioo mpaka kikagota. Akapitisha mkono kati ya nondo, akaweka kiganja juu ya jabali, akakiacha pale.

"Mtu anaweza kusimama hapa?"

"Hapana mayu. Hata kuku anapita kwa shida."

"Na akitaka kunichungulia?"

Baba akalitazama jabali. "Hawezi. Hapa hakuna pa kuchungulia."

"Basi liache," Bibi akasema. "Ukilitoa hili, kesho navuka."

Mama alitazama kile kitenge kikuukuu kilichokuwa kimekunjwa juu ya mto, akaanza kulia hapo hapo, bila kujificha. Wiki zote zile tulifikiri Bibi anaogopa mwanga. Mwanamke aliyeachwa kusalimiwa, ambaye watu walikuja kusimama nje ya nyumba yake wakinong'ona, tulikuwa tumemwekea matundu kila upande na kumwambia afurahi.

Nilikuwa na miaka kumi tu, na hata mimi nilielewa.

Baba alitoka. Nilimsikia anayasukuma yale matairi kuelekea barabarani, moja baada ya jingine, peke yake. Wapasua mawe walipofika aliwapa chai akawaomba radhi.

Lameki akarudi na msumeno wa chuma, akaondoa kile kioo, nondo zikabaki. Upande wa ndani pakawekwa ubao wa kufunga na kufungua. Kwa hiyo nyumba ya mtu aliyedharau mbao ikawa na dirisha moja la mbao, na hilo moja ndilo lililokuwa wazi muda mwingi kuliko yote. Bibi alilifungua asubuhi na kulifunga jioni mwenyewe. Hakusokomeza kitenge tena.

Ah, chumba kile. Nimeingia vyumba vingi tangu wakati ule, vingine vya hoteli, sijaona mwanga kama wa pale. Jua halikuingia moja kwa moja, lilipiga jabali kwanza kisha likatujia limepoa, rangi ya chai ya maziwa. Mchana jabali lilishika joto, na jioni ukinyoosha mkono ungelikuta bado lina uvuguvugu. Usawa wa dirisha jabali lilikuwa na sehemu iliyolala kama rafu, na Bibi akaigeuza kichanja cha kuanikia michembe. Alikata viazi vitamu vipande vyembamba akiwa amekaa kitandani, anapitisha mkono kati ya nondo, anavipanga, jioni anavigeuza. Hakuhitaji kutoka.

Pimbi wakamgundua. Pimbi wa Mwanza hawana aibu, wanakaa juu ya mawe yao wanakutazama kana kwamba wewe ndiye mgeni. Walikuja kuiba michembe na Bibi aliwasema kutwa nzima. "Wewe mnene, jana ulikula. Leo mpishe mwenzako." Mama alikuwa anasikia sauti chumbani akidhani kuna wageni, anachungulia akiwa na vikombe mkononi. Bibi anamwambia kwa uso mkavu kwamba hawa majirani hawanywi chai. Lakini wao, alisema, angalau wanamtazama usoni.

Ningetoa nini leo nile michembe ile iliyochemshwa kwa karanga, nimekaa sakafuni, Bibi ananichambua nywele. Nimenunua sokoni mara nyingi. Siyo ile.

Halafu mvua zikaja.

Zilianza alfajiri, kubwa, zikipiga bati mpaka tukawa tunazungumza kwa mikono. Zilipokatika Bibi akatoka chumbani amefunga kanga kiunoni, akaomba jembe. Hakuna aliyemuuliza la nini. Mama alilileta akitembea kama anabeba maiti. Baba, ambaye alitakiwa awe ameshafika kazini, alisimama mlangoni na sweta lake.

Bibi akashuka ngazi, akageukia kushoto, akaanza kukata matuta kwenye kile kipande cha ardhi mbele ya nyumba yetu.

Alilima mpaka mchana. Akamtuma Mama kwa majirani akaombe marando ya viazi. Na majirani wale, watu wa Mkolani waliokuwa hawazijui habari zake za ng'ambo, walipita wakisimama na kumwamkia, "Mwangaluka mayu," wakamuuliza habari za nyumbani, za viazi, za mvua, na yeye akawajibu moja moja. Kazi ilichelewa sana kwa sababu ya salamu.

Viazi vilipokuwa vimeshatambaa, Baba mdogo alivuka kuja kutuona. Alileta habari njema, kama zinaweza kuitwa hivyo: kule kumetulia, watu wameanza kuona aibu. Nyasi za nyumba ya Bibi zinavuja. Akamuuliza aiezeke upya amsubiri?

Bibi alikuwa anamenya kiazi. Hakuacha kumenya.

"Ibomoe," alisema. "Miti yake mkapikie."

Baba mdogo akafikiri hakusikia vizuri, akauliza tena. Alijibiwa vile vile. Nyumba aliyoletwa akiwa bi harusi, alimozalia watoto wote, akamzika mumewe hatua chache kutoka mlangoni. Mkapikie.

Baba akainuka akaenda kwenye matuta, akajifanya anakagua marando. Alikuwa amepata alichokuwa anakiomba tangu siku ile ya kivuko. Alikaa huko akilia kwa muda mrefu, na hakuna aliyemfuata.

Bibi alikaa nasi mpaka nikamaliza sekondari. Macho hayakuwahi kuwa meupe kabisa, ila yaliacha kutoa machozi. Alifia chumbani kwake, mchana, ubao ukiwa wazi. Baba naye sasa ametangulia. Nyumba ya Mkolani bado ipo, jabali bado lipo, pimbi wamezaana.

Leo mchana Mama alikuja kuyaona madirisha yangu. Amezeeka, anatembea taratibu, akagusa kila kioo na kusema hongera mahali panapostahili. Tukakaa kwenye mifuko ya saruji tukinywa chai ya chupa. Nikamuuliza kitu ambacho kimenikaa miaka mingi na ambacho Baba nilishindwa kumuuliza. Je, Bibi alikuwa na furaha kwetu, au tulimpatia tu mahali pazuri pa kujifichia?

Mama alikunywa kwanza.

"Furaha siijui, Kabula. Kule ng'ambo, baba yako mdogo alituambia, miezi ile ya mwisho alikuwa anakesha amekaa mlangoni, panga liko mapajani, mpaka jogoo awike. Kila siku. Mtu mzima yule." Akanitazama. "Kwetu alikuwa anakoroma. Si ulikuwa unalala naye wewe?"

Nilikuwa nalala naye. Kila asubuhi nilikwenda jikoni kulalamika kwamba Bibi anakoroma, na kila asubuhi Mama na Baba walitazamana wakatabasamu, na mimi nikakasirika kwamba hakuna anayenijali.